Bustani ya Uani na Gunia la Mbolea



Huenda ukastaajabu kuona kuwa katika kurasa hizi, ambazo umezizoea kwa mazungumzo ya sala na saumu na malezi ya watoto, leo anakuja mtu kukuzungumzia khabari za mavi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Usistaajabu, wala usiufunue ukurasa ukapita. Wanavyuoni wetu wameandika sana juu ya samadi: utwahara wake, kuuzwa kwake, na hukumu ya mboga iliyomea juu yake. Na huko Andalusi, Ibn Bassal wa Toledo katika karne ya 11, na Ibn al-Awwam wa Sevilla katika karne ya 12, walitunga vitabu vya ukulima ambavyo ndani yake mna milango ya aina za udongo na aina za samadi, ipi kali na ipi pole. Wairani wa Isfahan katika karne ya 17 walijenga minara mirefu ya njiwa, si kwa ajili ya nyama ya njiwa, bali kwa ajili ya kinyesi chao, wakarutubishia mashamba ya matikiti. Basi ikiwa watu hao hawakuona haya kulizungumza jambo hili, sisi tuna nini?

Sababu khasa iliyonifanya nishike kalamu ni kwamba siku hizi mboga zimekuwa ghali, na watu wengi wameanza kulima uani mwao: matuta mawili ya mchicha, mashina machache ya bamia na tungule, pilipili mbili tatu. Hili ni jambo jema kabisa. Lakini takriban kila mwenye kulima hunijia baada ya sala akaniuliza suali moja: "Maalim, nitie mbolea gani?" Nami humrudishia suali: "Udongo wako ni upi?" Hapo wengi hunyamaza, kwani hawakupata kuutazama.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa, alipotaka kueleza namna watu wanavyoipokea elimu, alipiga mfano wa mvua iliyoshuka juu ya ardhi za namna tatu. Moja iliyanywa maji ikaotesha majani tele. Ya pili iliyazuia maji juu yake, haikuotesha kitu, lakini watu wakanywa wakanyweshea. Na ya tatu ni tambarare, haishiki maji wala haioteshi. Mvua ni ile ile moja. Mfano huo aliupiga kwa ajili ya elimu, si kwa ajili ya bamia. Lakini haungeliwafahamisha kitu wale wasikilizaji lau kama wasingalikuwa wanazijua ardhi hizo kwa macho yao.

Wazee wetu wa Unguja nao walizijua ardhi zao, na wakazipa majina. Kichanga ni ule udongo mwepesi wa mchanga, unaopitisha maji kama kifumbu. Ukiumwagilia asubuhi, adhuhuri umekauka. Kinongo ni ule udongo mzuri wa upande wa magharibi ya kisiwa, wenye kina, ambao ndio uliobeba mikarafuu. Kinamo ni ule mzito wa mabondeni, kama Cheju, unaonata kwenye jembe wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ndio maana watu hupanda mpunga huko. Na uwanda, au maweni, ni ile ardhi ya mawe ya matumbawe ya upande wa mashariki na kusini, kama Makunduchi na Jambiani, ambako udongo hukaa katika vishimo baina ya jiwe na jiwe, na mkulima hupanda humo humo kwenye vishimo.

Kila mmoja katika hawa ana ugonjwa wake. Kichanga ugonjwa wake ni njaa na kiu: hakishiki maji wala hakishiki chakula, na mvua ya masika, Machi mpaka Mei, hukisomba chakula chote ikakipeleka chini pasipofikiwa na mizizi. Kwa hiyo mwenye kichanga asitie mbolea yote siku moja akaridhika. Atie kidogo kidogo, na achague kile kinachokaa na kushika maji, yaani mbolea iliyooza vizuri ya majani na samadi ya ng'ombe. Kinamo ugonjwa wake ni kukosa pumzi. Hapo usidanganywe na mtu akwambie utie mchanga ili uwe mwepesi. Mchanga mchache ndani ya udongo wa mfinyanzi hukupa kitu kigumu mfano wa tofali. Tia mboji, na usiulime ungali maji. Kinongo, alhamdulillahi, huhitaji tu kurudishiwa kile ulichokichukua.

Nataka nisimame kidogo kwenye maweni, kwani hapo ndipo watu wanapokosea sana, tena kwa nia njema. Jiwe la matumbawe ni chokaa tupu. Na majivu ya kuni kazi yake, mbali na kuupa udongo potasi, ni kuutia hali ile ile ya chokaa. Mtu wa Dole au Kizimbani, ambaye udongo wake umeoshwa na mvua miaka na miaka mpaka ukaingia ukali kama wa ndimu, akinyunyiza majivu kiasi, mmea wake utafurahi. Kisha ndugu yake wa Jambiani huja kumtembelea, akaona, akarudi kwao akamwaga majivu ya miezi mitatu juu ya udongo ambao chokaa ulikuwa nayo kabla Adamu hajaumbwa! Matokeo yake majani machanga ya juu hugeuka manjano na mishipa yake ikabaki kijani, kwa sababu madini ya chuma yamo udongoni lakini chokaa imeyafunga, mizizi haiyapati. Naye huona manjano hayo akadhani ni njaa, akaongeza majivu.

Ukitaka kujua kama udongo wako una chokaa, hukuhitajii fundi. Chukua kiganja cha udongo mkavu, umimine siki juu yake au ukamulie ndimu, kisha uinamishe sikio. Ukisikia unachemka na kutoa mapovu madogo madogo, basi chokaa imo, na majivu yako wape wengine.

Sasa nikueleze kisa kilichonikera. Mtaani kwetu yupo mama mmoja, mjane, ana watoto wanne, na mkubwa wao husoma chuoni kwangu. Alikuwa na matuta sita nyuma ya nyumba, mchicha na bamia na tungule. Mboga hizo aliuza kwa majirani, na pesa zake ndizo zilizokuwa zikinunua madaftari na mafuta ya taa na vitu vidogo vidogo ambavyo mtu haoni uzito wake mpaka vikosekane. Mwaka huo alijikusuru akanunua magunia matano ya mbolea ya kuku kwa mtu anayepita na gari mitaani. Aliambiwa: "Hii imeshaiva, bibi, tia leo panda kesho." Akatia, akapanda. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, miche ikaota vizuri. Siku ya sita au ya saba ikaanza kukauka kwenye ncha za majani, kama kwamba mtu ameipitishia kibiriti. Iliyokufa ikafa. Na ile iliyosalimika ikawa ya manjano, imedumaa, haipandi juu wala haifi.

Akanijia alasiri moja. "Assalamu alaykum, Maalim. Nimekuja kukuuliza. Hii pesa yangu aliyochukua yule mtu ni halali yake?"

Nikamwambia, "Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Kwanza twende tukayaone hayo magunia."

Yalikuwa yamebaki magunia mawili hayajafunguliwa. Juu palikuwa na udongo mweusi mzuri, wa kupendeza. Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, na huko chini nikakuta moto kama wa uji, na maranda ya seremala mabichi kabisa, na harufu ya kuchoma pua iliyonitoa machozi. Basi ikanijia pale pale hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini asikiweke juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Nikamfahamisha yule mama kilichomfikia. Kinyesi cha kuku ni kikali kuliko cha ng'ombe na cha mbuzi, kwa sababu ndege hatoi mkojo mbali na mavi mbali. Vyote hutoka pamoja. Kikiwa kibichi, hutoa ile hewa ya amonia, na huwa na chumvi nyingi, na viwili hivyo huunguza mizizi michanga. Hiyo ndiyo iliyoua. Ama ile miche iliyodumaa, hiyo ilinyimwa chakula na maranda. Mbao mbichi zikizikwa, vijidudu vinavyozila huhitaji naitrojeni ili vifanye kazi yao, na visipoipata katika mbao huichukua katika udongo, mmea ukabaki unatazama. Baadaye huirudisha, lakini baadaye hiyo ni miezi mingi, na mchicha huvunwa wiki ya nne.

Na suali lake la sharia nalo lilitaka jibu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mavi ya mnyama yeyote ni najisi, hata ya mnyama aliwaye, na kitu kilicho najisi hakisihi kuuzwa. Maimamu Malik na Ahmad wao wanaona mavi ya mnyama aliwaye ni twahara, na Abu Hanifa ameruhusu samadi kuuzwa. Lakini hata kwetu wanavyuoni hawakuwafungia watu njia: wamesema kuwa mwenye samadi anaweza kuondosha mkono wake juu yake na kumwachia mwenziwe, akapewa pesa kwa kule kuondosha mkono, si kwa jina la thamani ya kitu. Pia gunia lake na kazi yake ya kujaza na kuchukua ina ujira. Kwa hivyo mtu asije akasema kwamba, maadamu hapana biashara, basi hapana na udanganyifu. Kuficha aibu ya kitu ni haramu kwa madhehebu yote, kitu kiwe dhahabu au kiwe mavi ya kuku.

Nilimtafuta yule muuzaji, nikampata baada ya siku kadhaa. Alinambia, "Maalim, mbolea ni mbolea." Nikamwambia anipe mkono wake niutie ndani ya gunia. Hakutaka. Kisha akasema kuwa naye kainunua hivyo hivyo kwa wafugaji, wala hajui imekaa siku ngapi. Mimi si kadhi, na sikuwa na la kumlazimisha. Aliyarudisha malipo ya yale magunia mawili ambayo hayakufunguliwa, tena kwa vipande vipande, na ya yale matatu hakuyarudisha mpaka leo. Masika yote yakampita yule mama bila ya kuvuna hata fungu moja la mchicha.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, nakuomba usinunue gunia kwa kulitazama juu. Tia mkono ndani. Mbolea iliyoiva haina joto. Harufu yake ni ile ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Na ukiichambua, huwezi kutambua hili lilikuwa jani au hii ilikuwa randa. Ukikuta moto, au harufu ya kuchoma pua, au vitu vizima vizima, hiyo haijaiva hata kama mwenyewe ataapa. Na ukiwa na shaka, chukua kidogo, uchanganye na udongo nusu kwa nusu ndani ya kopo, na kopo la pili utie udongo mtupu. Panda choroko kumi huku na kumi huku. Katika muda wa wiki moja zitakwambia ukweli wote, nazo hazina maslahi ya kuficha kitu.

Ama vipimo, watu wanapenda kuzidisha. Mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva, debe moja la lita 20 latosha kwa eneo la mita moja kwa mita moja. Ukilitandaza huwa na kina cha sentimita mbili. Uchanganye na udongo wa juu, shubiri moja tu. Ya kuku, hata iliyoiva, robo debe kwa eneo hilo hilo.

Lakini mbolea iliyo bora ni ile uliyoipika mwenyewe, kwani hapo unajua umetia nini. Zamani kila nyumba ilikuwa na jaa, na sote tumeona jinsi mapapai na maboga yalivyokuwa yakijiotea jaani bila ya kupandwa na mtu. Wengine wakisikia hayo huenda wakachota udongo wa jaa la siku hizi wakautia kwenye tuta. Wasifanye hivyo. Jaa la bibi zetu lilikuwa la maganda ya muhogo, magamba ya samaki, majani ya kufagia na majivu. Jaa la leo lina betri, vigae vya chupa, mifuko na makopo ya dawa za mbu. Madini mabaya ya betri hayaozi. Huingia katika mchicha, na mchicha ukaingia katika mtoto.

Basi tenga fungu lako mbali. Weka tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu ya mwembe au mkungu, kisha tabaka dogo la vitu vibichi: maganda ya mboga na matunda, majani mabichi, samadi. Vikavu viwe vingi zaidi kwa wingi wa rundo. Rowesha mpaka liwe kama dodoki lililokamuliwa, kisha uligeuze kila baada ya siku chache. Likienda sawasawa litapata joto la kupita digrii 55, ambalo linaua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kwa joto la nchi yetu, baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa tayari. Chicha ya nazi tia kidogo, uifukie katikati, la sivyo utaita panya wa mtaa mzima. Matumbo ya samaki vile vile, nayo utaita paka. Mwani uliotupwa na bahari ni mzuri, una potasi nyingi, lakini uache upigwe na mvua kwanza utoke chumvi. Na vumbi la usumba linashika maji ajabu, ni dawa ya kichanga; ila makumbi yetu huzikwa pwani miezi na miezi kabla ya kupigwa, kwa hiyo vumbi lake limekunywa maji ya bahari. Lioshe kwa maji matamu mara mbili tatu kabla hujalitumia.

Kinyesi cha paka na mbwa usikitie kabisa, wala cha binadamu. Sizungumzii najisi tu hapa. Vina mayai ya minyoo na maradhi ambayo rundo la nyumbani halina hakika ya kuyaua.

Yule mama naye, yale magunia mawili muuzaji hakuja kuyachukua. Tuliyamwaga chini ya mwembe, tukachanganya na majani makavu na samadi ya mbuzi wa jirani, tukawa tunayamwagia maji na kuyageuza, na wanafunzi wangu wakubwa walifanya zamu. Kufika vuli, Oktoba, yalikuwa meusi na baridi, na maranda yalikuwa yakivunjika kwa kidole. Akatia robo debe kwa mita, akapanda mchicha na bamia. Kitu kile kile kilichoua Aprili.

Limebaki suali moja ambalo huulizwa sana khasa inapokaribia Ramadhani, nalo ni: mboga iliyomea juu ya najisi, je, inaliwa? Inaliwa, na ni twahara, kwa sababu mmea haukuchukua mavi ukayaweka ndani yake. Umechukua kile ambacho ardhi imekigeuza. Bali sehemu ya nje iliyoguswa na samadi huoshwa. Na kwa vile vinavyoliwa vibichi, kama tungule za kachumbari na majani ya giligilani, afya nayo ina neno. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingie udongoni siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusana na udongo, na siku 90 kwa ile isiyogusana nao. Mchicha hauna siku hizo, kwa hivyo samadi mbichi haina nafasi kwenye tuta la mchicha. Na wale wanaotia samadi katika pipa la maji wakanyweshea, wamwage kwenye shina, wasimwage juu ya majani.

Mchicha uoshe jani jani kwa maji ya kumiminika, si kwa kuuchovya fungu zima ndani ya beseni moja. Na bamia zioshe kabla hujazikata, kwani zikishakatwa, ule ute wake hushika kila kilichokuwa juu ya ganda ukakiingiza ndani.